Jembe Nililoliacha Kisomoni

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba, mke mwenzangu. Hatujambo, shangazi yako amejifungua salama. Unauliza mhusika wa hadithi yako, aliyekata tamaa kabisa, atainukaje.

Enzi za Ujamaa, kwenye kisomo cha watu wazima hapa Mlola, nilishindwa kuandika jina langu ubaoni. Wakanicheka, nikatoka nikilia. Njiani nikakumbuka nimeacha jembe nje ya darasa, na kesho yake ilikuwa zamu yangu shamba la kijiji. Nikarudi. Nikalishika, mlango uko wazi, wote wananitazama. Ningeweza kuondoka. Nikaliegemeza tena ukutani, nikaingia.

Usimwinue kwa maneno makubwa. Mpe sababu ndogo ya kurudi, kisha mwache achague mwenyewe.

Barua hii sikumwomba mtu aniandikie.

Bibi yako