Simu ya Mama Sharon

Jumatano

Kumbe Sharon alikuwa anamfunza mamake.

Tangu tumzike mwanafunzi wangu huyo kule Kabras, sijawahi kumpigia mama yake. Leo nimejikaza. Akapokea taratibu, kama ninavyofundisha katika somo la mawasiliano ya biashara: "Habari ya mchana. Unaongea na Mama Sharon. Nikusaidie vipi?"

Nikajitambulisha, nikamuuliza nani alimfunza hivyo.

"Ni Sharon, mwalimu. Jioni alikuwa ananipigianga kutoka chumba cha pili, eti yeye ni mteja. Nikikosea anacheka, anakata, anapiga tena."

 

Kisha akasema, "Mwalimu, ukipata nafasi uwe unanipigia. Nitajibu vizuri."