Mshono Ulioachia

Kwako Dada,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na saluni inakwenda vizuri. Huku Mama anakula, na mguu wake wa kushoto umeanza kupata nguvu kidogo. Mimi ni mzima ila nina hasira, na ninakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Jumapili ile kwa shangazi uliniuliza mbele ya mawifi zako eti mimba yangu ni ya miezi mingapi. Ukaongeza kwamba nilipasuliwa tumbo likawa bapa, nikashindwa kufunga mdomo. Watu wakacheka. Nilicheka nao, Dada, halafu nikajifungia chooni nikauma mkono wa gauni langu nisisikike nikilia.

Sasa nisikilize. Sijaongezeka hata kilo mbili. Nilikwenda kwa daktari mwingine wa upasuaji, akanilaza, akaniambia niinue kichwa, akazamisha vidole vitatu katikati ya tumbo. Akasema ngozi haina neno, ila misuli aliyoikaza yule wa kwanza imeachana tena, ndiyo maana tumbo limetokeza na mgongo unaniuma kila nikikaa kwenye cherehani. Nikamuuliza kama mazoezi yatatosha. Akasema yatanipa nguvu na kupunguza maumivu, lakini pengo la upana ule hayatalifunga. La kufanya ni kunifungua palepale kwenye kovu la zamani na kuishona misuli upya kwa uzi usioyeyuka, na akikuta pamelegea sana ataweka wavu mwembamba wa kuishikilia. Hilo halikunipa shida kulielewa, maana hata mimi kitambaa kilichochakaa sikishoni mara ya pili bila kukitia kiraka. Akanionya kwamba safari hii nikinyanyua kitu kizito kabla ya wiki nane, nisirudi kumlalamikia.

Kisha akauliza mara ya kwanza nilinyanyua nini. Nikamwambia ndoo ya maji.

Mama alikuwa pale mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, maana sikuwa na wa kumwachia. Unajua tangu apate kiharusi kila neno analitoa kwa jasho. Akamwambia daktari kwamba si ndoo, ni yeye.

Ndiyo, Dada, ni yeye. Uliahidi kukaa naye wiki sita ili mimi nipone. Siku ya tisa ukaaga, ukasema saluni haikai bila mwenyewe. Siku ya kumi na moja Mama akaanguka bafuni. Nikamwinua peke yangu, nikasikia kitu kikiachia ndani ya tumbo, nikamwambia Mama nimeteleza tu. Kumbe alijua siku zote. Nami nina kosa langu, silikatai. Kwa aibu ya kupasuliwa kwa ajili ya tumbo, niliwadanganya majirani kwamba nina malaria, kwa hiyo siku ile nikashindwa kupiga kelele waje. Mficha uchi hazai. Lakini wewe nilikuficha ili usijilaumu, na miaka mitatu malipo yangu yamekuwa kuchekwa na wewe. Nimechoka!

Nitafanyiwa upasuaji tarehe kumi na nne. Tarehe kumi na mbili Mama anakuja kwako, kwa wiki nane kamili. Sikuombi, nakuarifu. Ni yeye mwenyewe aliyesema nimfungie begi, na amesema uondoe lile zulia la mlangoni, kiti chake hukwama. Dawa zake nimeziandikia saa. Usimvute mkono wa kushoto.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Waambie bibi yao anakuja.

Na akianguka, Dada, usimnyanyue peke yako. Ita jirani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi