Sare za Makumbusho na Baridi ya Julai

Kimumu, Eldoret
18 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Priscah,

Nisamehe kukaa miezi miwili bila kukuandikia. Kila nikishika kalamu Kipyego anaamka, na akilala mimi nimeshalala kabla yake. Mgongo wako umepoa? Na hilo joto la Mombasa, bado mnaliweza? Sisi ni wazima. Mtoto ana meno manne na ameshajua kuyatumia.

Ile kazi niliipata, ya kushonea sare akina mama sita wa makumbusho madogo hapa mjini. Nilipeleka ile picha yako ya wasichana wa hoteli huko kwenu, gauni la mikono mifupi lililobana. Meneja, Bwana Wanyoike, aliipenda sana.

Niliwapima asubuhi, na unajua Julai yetu ilivyo baridi. Hakuna aliyevua sweta. Cherono, yule wa kufagia, alikuwa na mbili, na mimi nikaandika tu vile tepu ilisema. Gauni zilipoisha meneja akauliza kama moja ni ya ng'ombe. Akasema nizipunguze kufikia Jumanne, ama ampe fundi mwingine kazi. Nikazipunguza zote, mtoto mgongoni, na kitambaa kilichozidi nikakikata kabisa.

Jumanne ziliwakaa vizuri, Shangazi, mpaka nikajisifu. Halafu wote sita wakavaa sweta juu, kila mtu rangi yake, na sare ikapotea. Meneja akapiga marufuku sweta. Apondi, ambaye hutembeza wageni, akasema basi atawatembeza na blanketi.

Nikaona kazi yangu ikienda hivyo. Nikamwambia meneja kwa heshima, "Bosi, vua koti. Simama mlangoni na Apondi na hilo shati la mikono mifupi mpaka saa sita. Ukiweza, hao wote watavua sweta."

Akacheka, akavua.

Saa nne mlangoni meneja hayuko. Watoto wa shule walikuwa wameingia, na Apondi akawapeleka kuona vazi la wazee wa zamani, lile la ngozi ya tumbili. Msumari wake ulikuwa mtupu. Vazi lilikuwa nyuma ya kabati, meneja ndani yake, anakunywa chai. Mwalimu akawaambia watoto wamsalimie mzee. Wakamsalimia, wote arobaini.

Alipotoka hapo hakuniangalia machoni. "Jerop, zile za kwanza zilikuwa sawa. Zirudishe, sweta iingie ndani. Na mikono iwe mirefu."

Azirudishe nani, Shangazi? Vile vipande Kipyego amevivaa, ni kaptula nne za bluu. Na meneja anataka sare zote tarehe thelathini na moja, la sivyo ni yule fundi mwingine.

Mume wangu Kipchumba anakusalimu. Msalimie binti yako Chepkorir na Mzee wako. Mungu awafunike, hata kama huko hamtaki kufunikwa.

Mimi mtoto wako, nikupendaye na kukusumbua,
Jerop

Vya kutuma:
Kitambaa kile kile cha bluu ulichonitumia mara ya kwanza, duka lile lile, mita kumi na nane.
Uzi wake, roli sita.
Vifungo vya mikono, kumi na viwili.
Picha usitume.