Vakyumu Tatu na Kifua cha Baba Faith

Jumanne, 1 Aprili

Nimepitisha vakyumu sebuleni kabla ya chai, kama kila asubuhi. Mfuko umejaa tena. Mashine inanguruma lakini haivuti vumbi, hata uzi wa kitambaa cha kochi imeuacha pale pale. Nimekung'uta mfuko nyuma ya nyumba na kupiga chafya mpaka kuku wakatawanyika.

Baba Faith hakulala vizuri. Siku hizi anaongea vipande vipande. "Mama Faith... hii chai... haina sukari." Mtu aliyekuwa akiimba besi kanisani! Alifanya kazi kiwandani, chumba cha kuchekechea chai, tangu akiwa kijana hadi wakamstaafisha. Ule unga wa chai ulimwingia kifuani na haukutoka.

Dada yake, Chelangat, amepiga simu kutoka Mulot. Anasema Pasaka ikipita atakuja kumchukua ndugu yake, kwamba Kericho itamuua. Mulot! Huko ng'ombe wakipita njiani humwoni jirani kwa vumbi. Nimemwambia kwamba mume wangu haendi popote. Nimekata simu kwa hasira.

Adui ni vumbi. Na mimi ndiye nauza vakyumu hapa mjini. Tutaona.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Wateja wachache. Duka langu ni la vyombo vya stima vilivyotumika ng'ambo: pasi, blenda, maikrowevu. Vakyumu ziko pembeni, watu huzipita wakidhani ni spika.

Nimeketi nazo mchana kutwa kama mwalimu na wanafunzi. Hii yetu ya nyumbani ni ya kizamani. Hewa inapita kwenye mfuko, vumbi linabaki ndani. Vizuri. Lakini mfuko ukianza kujaa, vitundu vinaziba na mashine inakosa pumzi. Haki, kama Baba Faith tu.

Waliokuja baadaye wakatupa mfuko kabisa. Wakaweka kikombe cha plastiki, unaona uchafu ukizunguka ndani kama kisulisuli cha kiangazi. Uchafu mzito unatupwa pembeni, unaanguka chini. Nimebeba moja nyumbani chini ya mwavuli. Mimi nimelowa, yenyewe imefika kavu.

Jumamosi, 5 Aprili

Kikombe kimejaa mara ya kwanza tu nilipopitisha. Nywele, makombo, mchanga, na unga wa kijivu ambao sikujua tunaishi nao. Niliona aibu. Mimi Wanjiru, ninayesema wanawake wengine ni wachafu!

Baba Faith alitaka kuona. Akakishika kile kikombe, akakigeuza kwenye mwanga. Akatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu mvua zianze.

Jumatatu, 7 Aprili

Furaha ya siku mbili. Mashine imepoteza nguvu. Nimeifungua. Kikombe kiko nusu, lakini katikati kuna filta na imezibwa na ule unga laini kama imepakwa plasta. Kumbe walitoa mfuko wakahamishia shida kwa filta. Kisulisuli kimoja kinaweza mchanga, hakiwezi unga.

Sikulala na hasira. Jioni nimeleta ya tatu, ambayo ndiyo mpya kuliko zote dukani. Juu ya kikombe kuna vikoni vidogo vingi kama vya aiskrimu, vimepangwa duara. Kila kimoja kina upepo wake mdogo wenye kasi, na ule unga laini unaangukia humo kabla ya kufika kwa filta. Halafu nyuma kuna filta nyingine nene, iliyokunjwakunjwa, ya kuchuja hewa inayotoka.

Baba Faith ameiangalia akacheka mpaka akakohoa. "Hii... tulikuwa nayo... kiwandani." Akachora hewani kwa mikono. Koni kubwa la bati juu ya mashine ya kukausha chai, upepo unazunguka, manyoya ya chai, yaani vumbi lake jepesi, yanaanguka chini, hewa inatoka juu. Kubwa kama nyumba, anasema. Mimi nilidhani ni ujuzi mpya wa Wazungu, kumbe mume wangu amepita chini yake maisha yake yote.

Nikamuuliza, basi mbona vumbi lilimwingia? Akasema koni lilikuwa kwa mashine. Kwa watu hakukuwa na koni. Nikamwongezea chai.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku tatu amelala vizuri. Natembea mjini kama nimeshinda uchaguzi. Mwalimu mmoja amekuja kuulizia vakyumu zile za kusimama zisizo na waya, ambazo sasa ndizo fasheni. Nimemwambia ukweli: nyepesi, nzuri, lakini betri inakufa kabla hujamaliza chumba cha pili. Akanunua pasi.

Nimempigia Chelangat kumwambia kaka yake anaendelea vizuri, asijisumbue na nauli. Akasema "Kongoi, Mama Faith," yaani asante, kwa sauti ile yake ya upole inayonikera. Akaongeza kwamba atakuja tu kutusalimia.

Jumamosi, 12 Aprili

Kosa langu leo. Nimemwagia kikombe mlangoni. Upepo ukageuka, vumbi lote likarudi ndani, likampata Baba Faith amekaa kwa kiti chake. Alivuta dawa ya inhela mara mbili. Mfuko wa zamani angalau ulifunga mdomo wake! Hiki kikombe unakifungua na kila kitu kinaruka. Kuanzia sasa nitamwagia nyuma, ndani ya karatasi ya nailoni, nikikizamisha chini kabisa.

Wanawake wa fellowship ya kanisani wanakuja kwetu Jumatatu ya Pasaka. Kila mtu hapa anajua sheria: wageni wa Pasaka hawakanyagi kapeti ambayo haijaoshwa. Vakyumu ni vakyumu, lakini watanusa sabuni, na wasipoinusa watasema. Kesho kutwa tunaosha.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumeosha. Mimi na jirani yangu Mama Kiptoo, miguu mitupu, brashi za kufulia, sabuni ya unga, maji ndoo kwa ndoo. Maji yaliyotoka yalikuwa kama strungi, chai isiyo na maziwa. Mgongo umekufa. Tumeitundika kwenye ua.

Saa nane mvua. Bila shaka. Hapa saa nane ni ya mvua kama vile Jumapili ni ya kanisa. Tumeibeba chini ya paa la kibanda, inachuruzika.

Jumatano, 16 Aprili

Haijakauka. Jua la saa tatu, mvua ya saa nane. Nimeigeuza mara mia.

Nimeosha na filta pia, maana ilikuwa imeanza kuwa kijivu. Nayo haikauki. Nimeitundika jikoni nje, juu ya moto, pale tunapokaushia mahindi ya mbegu. Kuni ni zile za matawi ya michai iliyokatwa. Zinawaka vizuri sana. Usiniulize kwa nini sikufikiria moshi. Mtu aliyekulia hapa hukausha kila kitu juu ya moto: soksi, mahindi, daftari za watoto.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimerudisha kapeti sebuleni. Juu imekauka. Chini bado ina ubaridi kidogo, lakini itamalizia yenyewe, na wageni wanakuja. Baba Faith alisema tuiache nje. Nikamwambia yeye apumzike, nyumba ni kazi yangu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Siku mbaya kuliko zote.

Nilirudisha filta kwa mashine asubuhi, nikawasha nipitishe kapeti. Harufu ya moshi ikajaa sebule nzima, na ndani yake harufu nyingine, ya shimo, ya kitu kilichooza. Nikasema itaisha, nikaendelea. Niliendelea! Nikasikia kiti kimeanguka. Baba Faith yuko chini, mdomo wazi, hakuna sauti. Inhela haikusaidia. Mama Kiptoo alimwita mwanawe mwenye gari.

Hospitalini wamemweka kwenye oksijeni. Nimekaa kando ya kitanda nikishika mguu wake juu ya blanketi. Sina hasira na mtu yeyote leo. Naogopa tu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka wodini. Anapumua. Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Daktari ni msichana mdogo, ana haraka, lakini alikaa kitako akaniuliza nyumba yetu ikoje. Nikamweleza vakyumu zote tatu, vikoni, filta, kila kitu, kama ninayemuuzia. Alisikiliza vizuri. Halafu akauliza kama ndani kuna unyevu. Nikacheka. Nikamjibu, bibi, hapa ni Kericho, mvua kila siku.

Nimewapigia wanawake wa fellowship, hakuna mkutano kwetu. Wamesema watamwombea.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimerudi nyumbani peke yangu. Nimesukuma makochi na kuinua kapeti. Wui, Ngai!

Chini ni kuvu. Nyeusi, kijani, mabaka kama ramani, imekula mpaka nyuzi za kapeti. Na si ya wiki hii. Kuna ya zamani chini ya ile mpya. Kila Pasaka na kila Krismasi nimeosha hii kapeti, na kila mara nimeirudisha haijakauka sawasawa, kwa sababu wageni wanakuja. Kikulacho ki nguoni mwako. Mashine ilifyonza vumbi la juu, nikashangilia kikombe, na chini nimekuwa nikimfugia mume wangu sumu kwa maji na sabuni.

Nimeiburuta mpaka nje, nikaikatakata kwa panga. Mama Kiptoo alisimama kwa ua akaniangalia. Nililia mpaka nikamaliza.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeiosha sakafu, nikaifungulia madirisha. Hewa inayoingia yenyewe ina maji. Ukuta wa chumba cha kulala, nyuma ya kabati, una mabaka yale yale. Paa, blanketi, magodoro. Nitakata kitu gani na panga, niache kipi?

Nilikuwa nimeshikilia kwamba Mulot ni vumbi. Ndiyo, ni vumbi. Lakini ni kavu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimempigia Chelangat mimi mwenyewe. Nilitaka kumweleza kwa utaratibu nikashindwa, nikasema tu, "Wifi, njoo umchukue." Hakunicheka. Hakusema nilikwambia. Alisema nitengeneze begi lenye sweta mbili, usiku wa huko una baridi.

Alhamisi, 24 Aprili

Ameenda. Kutoka hospitali moja kwa moja. Hakutaka. Alisema, "Mimi... niko... kwangu," akanitazama nimtetee. Miaka yote mimi ndiye humtetea. Nikafunga zipu ya begi.

Chelangat alinikumbatia kwa nguvu. Ni mtu mzuri. Nimemchukia bure.

Jumatano, 30 Aprili

Nyumba ni safi. Hakuna anayekohoa. Siipendi.

Nimeuza ile ya vikoni kwa mama mmoja wa hoteli. Nilimwonyesha kila kitu: mwagia nje, osha filta, ngoja ikauke kabisa kwa hewa, si juu ya moto. Nikamuuliza sakafu yake ikoje. Akaniangalia kama mpelelezi. Nikamwambia ainue kapeti kwanza ndipo anunue. Alirudi mchana, akanunua, akasema asante kwa sauti ndogo.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya kanisa nimekaa kwa ngazi ya mlango na chai. Baba Faith akapiga simu.

Alianza kunigombeza. Kwamba nilimfungia sweta zilizochanika. Kwamba mbuzi wa Chelangat wamekula kofia yake na hakuna anayejali. Kwamba huko wanaweka maziwa mengi kwa chai mpaka huoni chai. Kwamba duka si mume, na Mulot si Marekani, na mtu akitaka kuja hupanda gari akaja, hangoji kutumiwa barua. Akaendelea hivyo, sentensi ikishika sentensi, sauti nzito, bila kusimama mahali popote kuvuta pumzi.

Chai ilipoa mkononi.

Mwishowe akauliza kama nimekata simu. Nikamwambia niko, aendelee.