Pikapu Yako Iliwaka, Fundi

Fundi Makokha,

Pikapu yako iliwaka. Naanza na hilo kwa sababu najua hata huko uliko utauliza hilo kabla ya kuuliza habari za watoto. Injini ilishika ukiwa kwenye kiti cha mbele, umeshakata roho.

Tulikuzika kwenu Bungoma, karibu na baba yako, na watu wakasema maneno matamu. Walisema ulikuwa mpole. Mimi niliangalia chini nisije nikacheka. Miaka minane gerejini kwako umenigonga vidole kwa spana, umeniita kichwa maji mbele ya wateja, mtaa wetu wote wa Kabiro ukisikia, na hata siku moja hukuniambia "vizuri". Moja tu ingenitosha mwaka mzima.

Unaikumbuka asubuhi ile. Kifua kilikubana tangu alfajiri, na mkeo, Mama Nekesa, alikuwa ameshaenda Riruta kuuza mboga. Pikapu ilikuwa haijaguswa miezi mitatu, tangu ulipoanza kuugua. Jirani yetu Kamau alileta mkokoteni wake wa viazi tukufikishe barabara kubwa, tusimamishe gari la kukupeleka hospitali. Ukamtukana. Fundi wa magari abebwe kama gunia, Kawangware yote ikiangalia? Ukapanda pikapu mwenyewe, ukafunga mlango, ukaniambia, "Washa."

Injini ilizunguka tu, haikushika. Nikatoa plagi moja, nikaigusisha kwenye chuma, cheche ikaruka safi kabisa. Lakini plagi yenyewe ilikuwa kavu. Moto upo, petroli haifiki. Hapo hapo nilijua, Fundi. Gari likikaa muda wote huo, petroli iliyomo kwenye kabureta hukauka. Unamwagia kifuniko kimoja cha petroli kwenye mdomo wake, injini inashika, pampu inavuta nyingine. Mafundi wa mtaa jirani wa Gatina hufanya hivyo kila siku, na wewe uliwacheka kila siku. Kwako kukauka hakukuwa ugonjwa; ulisema anayemwagia anaficha ugonjwa wenyewe.

Chupa ya petroli nilikuwa nayo mkononi. Ukatoa kichwa dirishani, ukasema kwa pumzi ile ya kuvutavuta, "Gari yangu haimwagiwi, wewe Barasa. Sema kwanza inaugua nini."

Basi nikaanza kusema. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako, hakuna kurekebisha kitu kabla fundi hajautaja ugonjwa kwa mdomo. Nikafungua paipu ya petroli, nikaipuliza, nikakwambia haijaziba. Nikafungua pampu, nikakwambia ni nzima. Wewe ukaitikia kwa kichwa. Kamau alipiga kelele, "Mtu anaisha hapo, wachana na hiyo gari!" Nikamwambia anyamaze, tuko kazini.

Usidhani nilikutii tu. Nilikuwa nafurahia. Kwa mara ya kwanza ulinisikiliza bila kunikatiza, maana pumzi ya kunikatiza hukuwa nayo. Nilitaka niupate ugonjwa huo nikuonyeshe, uniambie lile neno, "vizuri". Nikaifungua kabureta yenyewe, nikapuliza vitundu vyake kimoja kimoja, nikaviinua juani. Vilikuwa safi. Nikageuka kukuambia, na ulikuwa umeacha kuitikia.

Nilirudishia kila kitu, nikamwagia kifuniko kimoja. Betri ilikuwa imechoka, watu wakasukuma, ikashika kabla hatujafika kona ya kanisa. Ilikwenda vizuri mpaka hospitali, ambako walikuandika tu kwamba umeletwa umekufa. Haikuwa na ugonjwa wowote, Fundi. Kabureta ilikuwa imekauka, basi. Sheria yako na njaa yangu ya kusifiwa zilikuua mchana kweupe, mkokoteni umesimama hatua kumi kutoka mlangoni.

Nimekuchukia kwa hilo. Halafu nasikia gari likikohoa huko nje, nageuka nikuulize, hupo, na nalia mbele ya wateja kama mtoto. Sasa gereji ni yangu. Gari lililokaa likiletwa namwagia kwanza, bila kusema neno, na mengi yanawaka.

Kamau hanisalimii tena. Mama Nekesa yeye nilimwambia niliupata ugonjwa, ila nilichelewa kidogo. Alinishika mikono yote miwili, hii hii yenye grisi, akasema, "Barasa, wewe ulipigana." Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya kanisa ananiita kwake. Ananiwekea nyama kubwa kuliko ya watoto wako, na wageni wakija huwaambia, "Huyu hakumwacha mzee wangu mpaka mwisho." Naitikia kwa kichwa.

Lala, Fundi. Msamaha siombi, kwa sababu na wewe unapaswa kuniomba. Nakuahidi jambo moja, kwamba mkeo hatausikia ukweli huu kutoka kwangu. Jumapili hii amenialika tena. Nitakwenda, atanimwagia maji ninawe mikono, na nitakula.

Barasa