Majani Yaliyochumwa kwa Jina Langu

Ijumaa. Manyunyu tangu asubuhi hapa Bungoma, na kichwa changu ni kizito kama blanketi lililonyeshewa.

Shajara, leo nimeogopa. Naandika kabla sijajiambia kwamba ni uchovu tu.

Utafiti wangu unaujua: kama majani ya ule mti mchungu ulio nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, kule Kitale, yanaweza kuukinga ubongo usichakae kwa msongo wa muda mrefu. Kila siku panya wetu wanabanwa kwenye mabomba membamba hadi wachoke kuhangaika. Kundi moja tunalidondoshea maji ya majani mdomoni, la pili maji matupu. Kisha tunawatia kwenye beseni la maji tuone nani anakumbuka lilipo jiwe la kusimamia.

Majani niliyapata kwa uongo kidogo. Shangazi ni mwalimu mstaafu na mama wa kanisa, hangekubali kupoteza dawa kwa panya. Nikamwambia ni ya kunywa mimi mwenyewe. Hakushangaa. Tangu nimuuguze baba hadi akafariki, sipati usingizi wa maana. Naacha jiko likiwaka, nasahau majina ya watu ninaofanya kazi nao. Shangazi aliyachuma mwenyewe, akanitumia, akanieleza kwamba kila jani amelitajia jina langu. Dawa ya kichwa isipotajiwa mwenyewe, alisema, haijui inaenda kwa nani.

Nilicheka. Nikayasaga yote.

Panya wa majani wamefanya vizuri ajabu. Wanaenda kwenye jiwe moja kwa moja. Wale wa maji matupu wanazunguka tu, kama mimi siku hizi ninavyozunguka soko la Chwele nikitafuta nilichoendea. Msimamizi wangu amefurahi sana, nami nilikuwa nimefurahi.

Leo adhuhuri shangazi alipiga simu nikiwa maabara. Tukasalimiana, nikaiweka mezani kwa spika kwa sababu ya glavu, naye akaanza habari za mahindi yake. Nadhani nilipotea mawazoni. Kilichonirudisha ni panya. Wale wa majani walikuwa wameacha kula. Wote wamesimama kwa miguu ya nyuma, nyuso zimeelekea simu.

Ndipo nikasikia.

"Rydia! Rydia, si nakuita? Mbona unanyamaza, mama?"

Naitwa Lydia. Kwa ulimi wa shangazi, kama wengi wa kwetu, L hugeuka R. Hapa maabara hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Aliniuliza kama dawa nainywa. Nikasema ndiyo, kisha nikamwomba anichumie mengine, nikikusudia haya niyanywe kweli.

"Mengine ya nini, bana? Jina ni moja, Rydia. Nirishapeana."

Panya wa majani wakainuka tena.

Mimi ni mtu wa vipimo. Simu ilipokatika nilisimama mbele ya vizimba, nikasema "Lydia". Hakuna aliyejali. Nikataja jina la Wafula, fundi wetu wa maabara. Hakuna. Nikalisema jina langu kama shangazi anavyolisema, tena kwa sauti ya chini. Walisimama wote, wakanitazama na kusubiri, kama watoto walioitwa ili watumwe. Panya wa maji matupu hawakutikisa hata sikio.

Mkono ukanigusa bega, nikapiga kelele. Alikuwa Wafula.

"Madam, uko sawa? Nimekuita tangu kwa mlango mpaka koo imekauka."

Sikuwa nimesikia chochote.

Alikuja kuuliza kama makasi yako tayari. Jumatatu ndiyo mwisho wa utafiti. Panya wote wanauawa, tunawatoa ubongo na kuukata vipande vyembamba, tutazame kwa hadubini ni chembe hai ngapi zimepona. Bila hilo sina shahada. Nikamjibu kwamba makasi yako tayari, na ni kweli.

Sasa niko chumbani kwangu na mvua bado haijakata. Nimejaribu kujiita kwa ulimi wa shangazi, mara kadhaa. Nalisikia jina vizuri, lakini ni kama la jirani.

Jumatatu, tukishawamaliza, ni nani atanijulisha kwamba ninaitwa?