Misalaba Midogo Katika Daftari la Feza

Alhamisi, mwisho wa Oktoba, mchana.

Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya Lubumbashi na mvua haitaki kunyesha. Joto ni lile la kumfanya mtu agombane na sufuria. Umeme umekatika tangu jana, simu ina nusu ya chaji, kwa hiyo nitaandika upesi na nitachapisha nikishakuwa mbali na hapa. Mtaelewa kwa nini.

Naogopa. Sikutaka kuanza hivyo, lakini nimefuta mwanzo mara tatu na kila mara neno hilo linarudi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: Feza ni binti yangu, ana miaka saba na hasemi. Ana usonji. Hapa mjini wanaojua wanasema autisme, na wasiojua wana majina mengine, nimeyasikia yote, mengine nikiwa kwenye foleni ya maji. Majina ya watu nimeyabadilisha, la kwake pia.

Tangu Juni naenda kila Jumamosi kwenye atelier, mafunzo ya wazazi wa watoto kama Feza, mtaa wa Karavia, kwenye darasa tunaloazimwa na shule moja. Tuko familia kumi na moja, watoto kumi na wawili. Anayetufundisha namwita hapa Madame Clarisse, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti. Wiki nyingi tunakwenda wazazi peke yetu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunakwenda na watoto. Hiyo ndiyo keshokutwa.

Jambo la kwanza alilotufundisha ni daftari. Unapiga mistari, unapata safu tatu. Safu ya kushoto, kilichotokea kabla. Ya katikati, alichofanya mtoto. Ya kulia, kilichofuata. Uandike kila siku, hata mambo ya kijinga, kisha mwisho wa wiki usome kutoka kushoto kwenda kulia. Akasema mtoto hafanyi kitu bure, sababu yake ipo, ila imekaa kando.

Nilicheka moyoni. Nikaona ni mambo ya watu wenye nafasi. Lakini nikaandika, na baada ya wiki tatu nikajua kwamba Feza hujigonga kichwa groupe ya jirani, yaani jenereta, inapowashwa, si kwa ukaidi. Miaka mingi nilikuwa nampiga kwa ajili ya kelele ya mashine. Hilo nalo niliandike hapa, nisijifanye mtakatifu.

Madame alisema pia kwamba anayebaki na mtoto naye aandike. Jumamosi nikienda Karavia, Feza hubaki na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Kwetu dada mkubwa ni yaya, kwa hiyo sote tunamwita Yaya Odette. Basi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilimpa daftari hilohilo na kalamu ya bluu. Nilimwonyesha na safu, hii ni ya nini na ile ni ya nini. Alisikiliza vizuri sana.

Jumanne nilifungua daftari nikakuta misalaba.

Midogo, ya wino mwekundu, si wa kalamu niliyompa, imechorwa kwa uangalifu pembeni ya mistari. Yote iko kwenye safu ya katikati. Kushoto na kulia hakuna alama hata moja, kana kwamba nilijisumbua bure kuandika huko.

Msalaba pale nilipoandika: anatazama kona ya sebule, anacheka peke yake. (Kushoto niliandika: jua linapiga kwenye beseni la maji, mwanga unacheza ukutani.) Msalaba: anakula vyeupe tu, bukari (ugali wetu), wali, sehemu ya ndani ya mkate. Msalaba: amepanga viatu vyetu vyote vikitazama mlangoni. Msalaba: amekataa kumpa Babu mkono, amejificha chini ya meza, amepiga kelele mpaka Babu ameondoka.

Mstari huo wa mwisho ulikuwa na misalaba miwili. Babu alikuwa baba mkwe wangu, baba yake Yaya. Alikuwa na tension, shinikizo la damu, kwa miaka mingi, na fimbo yake ilikuwa na chuma chini, ikigonga saruji Feza anaziba masikio. Hilo liko kwenye safu ya kushoto. Pembeni ya misalaba, kwa mwandiko wa Yaya, kuliandikwa: siku tatu mbele ya kufa kwa Papa, yaani kabla Babu hajafa.

Nilimpigia mume wangu, anafanya kazi mgodini nje ya mji na hurudi mara moja kwa mwezi. Nilidhani nitampa habari. Alikuwa nayo. Yaya alimsomea daftari zima kwenye simu, yaani safu ya katikati ya daftari zima.

"Banamungojea Samedi ku Kasungami," aliniambia, yaani Jumamosi, kwa akina mama wa maombi wanaosali na Yaya. "Siku tatu tu, bamuombee. Yaya hawezi kutendea mutoto yangu mubaya."

Nikamuuliza kama anajua siku tatu hizo zinakuwaje. Anajua. Mtoto anafungiwa na akina mama wa maombi, hali, hanywi, mpaka kilicho ndani yake, uchawi au pepo, kiseme jina lake. Nikamwambia Feza hajasema jina lolote tangu azaliwe, sasa atatoka vipi mle ndani?

Naye akasema, "Kama haisaidie, haitaharibu."

Kwenye atelier yupo mama mmoja ambaye mwanawe alipelekwa mahali kama hapo kabla hajatufahamu. Mtoto yuko hai. Ukiinua mkono kufunga dirisha, anaanguka chini na kujikunja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu.

Jana nilikaa na daftari mezani nikasoma misalaba tu. Nilitaka kuona anachokiona Yaya. Nikashuka ukurasa baada ya ukurasa, nikiruka kushoto, nikiruka kulia. Anacheka peke yake. Vyeupe tu. Viatu vikitazama mlangoni. Anasimama nyuma ya mtu bila kusikika. Ni maandishi yangu, kila neno la kweli, na nilipofika katikati mwili ulinisisimka. Wakati huohuo Feza akaja nyuma yangu akanigusa shingoni, maana anapenda kugusa mahali nywele zinapoanzia.

Niliusukuma mkono wake.

Hakulia. Alirudi kwenye vifuniko vyake vya chupa akaendelea kuvipanga. Mimi ndiye niliyelia, na hata nilipokuwa nalia sikuweza kugeuka kumtazama kwa muda. Miezi mitano ya masomo, na ilitosha nusu saa ya kusoma vibaya ili nimwogope mwanangu. Tangu hapo siwezi kumchukia Yaya sawasawa. Najua njia aliyopitia.

Leo asubuhi alikuja. Alileta beignets, maandazi ya huku, kwenye ndoo nyeupe, akamketisha Feza kati ya magoti yake akaanza kumchana. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye Feza anamruhusu kumchana. Nikimchana mimi mtaa mzima unajua. Kwa Yaya anatulia, anafumba macho, anayumba kidogo kidogo. Nilisimama mlangoni nikiwatazama na nilijua kwamba Jumamosi mwanangu hatahitaji kuburutwa. Atatoka hapa ameshikwa mkono na mtu anayempenda.

Sikuleta ugomvi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana. Nilimwambia, "Yaya, mbele ya kumupeleka kule, kuya kwanza ku atelier Samedi. Usikie Madame vile anaeleza. Kisha tutasemezana."

Nilitegemea akatae. Ningepata siku, labda wiki, tukibishana. Yaya Odette hapendi kufundishwa.

Aliendelea kuchana. "Beko batoto ngapi kule?"

"Kumi na mbili."

"Na bote beko sawa Feza? Bila kusema, bila kuangalia muntu ku macho?"

"Wengine banasema kidogo. Lakini bote beko na ile maladi moja."

Akaweka kitana chini. Akauliza ni wapi hasa. Nikamweleza, nilikuwa na furaha kama mjinga, nikamweleza mpaka geti la bluu na choo cha shule kilicho pembeni. Akauliza saa ya kuanza. Akauliza kama baba wa watoto huwa wanakuja. Nikasema ni wawili tu, wengine ni akina mama peke yao.

"Kumi na mbili," alisema tena, polepole. "Mu chumba moja."

Kisha akaniangalia kwa upole ambao sijauona kwake tangu msiba wa Babu, na akanishika mkono. "Mama Feza, Mungu njo alikutuma ku ile masomo. Siye tulizani kazi iko moja. Nitaambia ba mama ya maombi, tutakuya bote. Basi Samedi hatutaanza na Feza."

Akasimama, akajikung'uta nywele kwenye kitenge, akaenda.

Na mimi nikapumua.

Niandike vizuri hapa, kwa sababu nisipoandika nitajidanganya baadaye. Niliposikia hawataanza na Feza, kitu cha kwanza kilichonijia ni raha. Kwa muda wa kumaliza beignet moja nilikuwa mwanamke mwenye amani. Pamoja na beignet hiyo nilimtafuna yule mtoto anayejikunja, nikawatafuna na mapacha wa mama muuza mkaa, wote kumi na mmoja, kwa sababu wangu hakuwa wa kwanza.

Halafu nikaona geti la bluu, na akina mama wa maombi wanaingia wakiimba, na watoto kumi na wawili ambao hata mlango ukifungwa kwa nguvu wanaumia. Na nani aliyewaelekeza njia? Mimi. Na choo niliwaonyesha.

Ningeweza kunyamaza. Nataka mjue kwamba nililipima hilo. Nikimpigia Madame, atafunga darasa, Yaya atakuta geti limefungwa, atajua ni mimi, na atarudi moja kwa moja nyumbani kwangu. Nisipompigia, Feza anapata siku kadhaa, labda wiki, kwa malipo ya watoto wa watu.

Nilipiga. Nilimwambia yote, daftari, misalaba, kalamu niliyompa mwenyewe. Nilimwambia na ile raha niliyosikia. Madame alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nitaita famille zote leo," alisema. "Samedi hakuna muntu atakuwa kule. Hatutarudia tena mu ile darasa." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu. Miezi mingapi alilitafuta darasa lile, sijui. Kisha akauliza, "Na Feza iko wapi sasa?"

"Iko hapa, ku baraza."

"Umufungie nguo zake. Usingoje Samedi."

Kwa hiyo kesho alfajiri tunaondoka, Feza na mimi, kwa mdogo wangu. Mji sitautaja. Mume wangu sijamwambia. Nitamwambia tukishafika, na sijui kama baada ya hapo nitakuwa bado na mume, na ukweli ni kwamba leo swali hilo halinishughulishi. Nimeweka kwenye begi nguo, kikombe chake cha njano, vifuniko vya chupa, mkate. Daftari nimeliweka chini kabisa. Nilitaka kulichoma, nikashindwa, kwa sababu safu ya kushoto iko mle.

Kuna kazi moja iliyobaki. Feza hapendi siku imrukie bila taarifa. Tumefundishwa kumchorea kesho yake kwenye vipande vya karatasi, picha moja baada ya nyingine, tunazibandika ukutani kwa mstari: kikombe, viatu, soko, kuoga. Ya mwisho huwa kitanda chake chenye shuka la mistari. Hiyo ndiyo anayoitafuta kwanza, akishaiona anazikubali nyingine zote.

Leo nimemchorea begi. Nimemchorea basi. Nimemchorea mdogo wangu na nywele zake za kusuka, na nyumba yenye mlango ambayo hajawahi kuiona.

Sasa Feza amesimama mbele ya ukuta. Ameweka kidole mwishoni mwa mstari, mahali patupu, na ananingoja. Kalamu iko mkononi mwangu na sijui nimchoree kitanda cha nani.